Diski Ishirini na Nane za Maalim

Vijana wa chumba cha sauti, mmenitaka niandike machache kabla sijarudi kwetu Kaloleni kutunza minazi na kusahau jina la kila waya. Nimekubali, ingawa sina hakika kama mnataka kusoma au mnataka tu mzee apate la kufanya. Habari za nani alipandishwa cheo na nani alipitwa sitaziandika, wala mishahara, maana hayo hayajamfunza mtu kutengeneza kitu. Nitaandika habari za diski, na hasa za miaka ya tisini, nilipokuwa fundi katika duka la kutengeneza redio na mashine za kaseti, barabara ya Ndia Kuu, Mombasa, na kuamini kila nililoambiwa. Mkitaka kucheka, chekeni huku mwanzoni.

Niliingia duka la Bwana Kanji mwaka wa tisini nikiwa na cheti cha umeme, viatu vya kuazima, na Kiswahili cha bara ya pwani kilichowachekesha watu wa Mji wa Kale. Bwana Kanji alikuwa Mgujarati wa makamo, mzaliwa wa hapo hapo, mwembamba, mwenye miwani mbili, moja puani na moja utosini, na kila mara alikuwa akiitafuta ya tatu. Siku ya kwanza hakunipa chuma cha kulehemu. Alinipa pamba, kijiti na chupa ya spiriti, akanionyesha rafu nzima ya mashine za kaseti, akasema nisafishe vichwa vyote. Kazi ilichukua siku tatu. Siku ya nne aliniambia nianze upya, kwa sababu hewa ya chumvi ilikuwa imesharudi kwenye zile za kwanza. Nilidhani ananionea. Mwezi haukwisha nikaona shaba niliyoilehemu mwenyewe imegeuka kijani, nikaelewa kwamba katika kisiwa hiki fundi hatengenezi kitu. Anachelewesha tu kuharibika kwake.

Diski ya kwanza kuigusa ilikuwa kubwa kama sinia la wali. Familia moja ya mtaa wa Kibokoni ilikuwa imeleta kutoka Dubai mashine ya kuzichezea, pamoja na filamu kumi na mbili za Kihindi. Kila upande ulikuwa na saa moja ya filamu, kisha mtu ainuke aigeuze, na kwa kawaida hakuna aliyetaka kuinuka. Mashine ilipogoma waliileta kwa mkokoteni. Niliifungua kwa heshima kubwa nikakuta mende amekufa juu ya lenzi. Nikamtoa, nikapuliza, ikacheza. Bwana Kanji aliniambia niandike kwenye risiti kwamba lenzi imesafishwa na nisimtaje mende, kwa sababu nyumba ile ilikuwa ya watu wenye jina.

Kisha zikaja sidii, zile ndogo za muziki. Muuzaji mmoja alisimama barazani kwetu na umati ukamzunguka. Alitoa diski, akaipaka asali pande zote, akaifuta kwa pindo la kanzu, akaitia mashinini, ikaimba. Watu wakapiga makofi. Akasema kaseti hunyauka, santuri hukwaruzika, lakini hii haiguswi na kitu isipokuwa mwanga, na mwanga hauna uzito, kwa hiyo itakaa miaka mia. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita na nilikuwa nimechoka kupangusa chumvi. Nilimwamini kuliko nilivyomwamini padri aliyenibatiza.

Kwa wale mliozaliwa diski zikiwa tayari ni vitisho vya kunguru mashambani, nieleze kidogo. Diski ya muziki ya dukani ina vishimo vidogo mno vilivyopigwa chapa kiwandani. Mwale wa leza hupita juu yake na kusoma palipo na kishimo na pasipo. Diski tupu, ile ya kurekodia, haina vishimo. Ina tabaka jembamba la rangi, na mashine ya kurekodi huichoma ile rangi kwa leza kali zaidi, alama baada ya alama, ili mashine ya kusoma idhani imeona vishimo. Kwa ufupi, ya kwanza imechongwa na ya pili imepakwa rangi. Nilijua tofauti hiyo. Niliweza kumweleza mteja huku nikinywa chai. Lakini kulijua jambo na kulitia maanani ni mambo mawili.

Mashine yetu ya kuchoma diski ilifika katikati ya miaka ile, pamoja na kompyuta iliyopiga kelele usiku na mchana kama inasaga mahindi. Bwana Kanji aliiweka chumba cha nyuma. Ikiwa kazini hapakuruhusiwa kutembea kwa kishindo, kufunga mlango kwa nguvu, wala kuwasha pangaboi. Stima ikikatika hata kwa kupepesa jicho, diski imekwisha kazi, na stima ya Mji wa Kale ilipenda kupepesa. Tuliharibu nyingi. Zilizoharibika tuliwekea vikombe vya kahawa, na nyingine madereva walizichukua kuzining'iniza kwenye vioo vya magari. Nadhani kwa muda fulani Mombasa nzima ilikuwa ikiendeshwa nyuma ya makosa yangu.

Kazi iliyotulisha ilikuwa harusi. Watu walileta kanda za video tuzitie kwenye diski za video, na hapo palikuwa na utaratibu wake. Kanda ya upande wa wanawake haikuonwa na mwanamume, na fundi alikuwa ni mimi. Basi walikuja na shangazi mmoja, kwa kawaida mkali, akaketi kati yangu na runinga. Runinga iligeuzwa ukutani. Mimi nilitazama mishale ya kupimia sauti na kijitaa chekundu, shangazi akanitazama mimi, na bibi harusi akasherehekewa akitazamana na ukuta. Nilifanya harusi zisizohesabika kwa namna hiyo na sikumwona bibi harusi hata mmoja. Nilijivunia. Nilijiona fundi aliyekomaa, anayepitisha vitu vya watu mikononi bila kuviangalia.

Bi Salma alikuja siku moja baada ya adhuhuri, na kikapu cha ukili kilichofunikwa leso. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwalimu wa chuo cha Kur'ani huko Kibokoni, msema polepole. Aliniamkia, akaniuliza hali yangu, hali ya nyumbani, hali ya wazee Kaloleni, na mvua za huko, na mimi nikamjibu yote kabla hajataja shida yake, kama inavyopasa. Kikapuni mlikuwa na kaseti ishirini na nane. Zilikuwa ni darsa za babake, Maalim Athmani.

Nilikuwa nimesikia jina. Maalim alipofuka macho kwa ndui akiwa mtoto. Alihifadhi kila alichosomewa, na kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa akifasiri Kur'ani kila alasiri ya Ramadhani katika msikiti mdogo karibu na nyumbani kwake, kwa Kimvita safi, bila karatasi. Hakuandika kitu maishani mwake. Ramadhani yake ya mwisho mtu mmoja alileta redio ya kaseti akaiweka miguuni pake. Siku moja betri zilikwisha. Na kaseti ya siku nyingine, miaka baadaye, mpwa wa Maalim aliichukua rafuni bila kujua akarekodia nyimbo za redioni. Zikabaki ishirini na nane, na hakukuwa na nakala popote.

Bi Salma alikuwa akizinakili kwa mkono katika madaftari, neno kwa neno, ili ziwe kitabu. Alisikiliza sentensi, akasimamisha, akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Na kila aliporudisha, utepe ulizidi kuvutika. Alikuwa amemaliza tano, na zile tano sasa zilisikika kama mtu anayezungumza ndani ya mtungi.

"Bwana Karisa," aliniambia, "baba hakuwa na kalamu. Kitabu chake ni hizi. Nami kila nikizisikiza nazila. Nachelea zitanikwishia mkononi kabla sijamaliza."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi tena. Nilimwambia kwamba diski haivutiki, kwamba anaweza kurudisha sentensi moja mara elfu na isichakae. Hilo lilikuwa kweli. Kisha nikaongeza la miaka mia, ambalo hakuniuliza.

Siku hizi mnanakili saa kumi za sauti huku mnakula chapati. Wakati ule kaseti ya saa moja ilichukua saa moja, na nyingine ya kuichoma. Nilivaa hedifoni nikamsikiliza Maalim kwa wiki kadhaa, kila asubuhi, kabla wateja hawajajaa. Bwana Kanji aliingia mara kwa mara akanitazama, akasema moja katika mawili, ama nitasilimu ama nitaharibu mashine. Nilisafisha mvumo wa utepe, nikasawazisha sauti pale ilipopanda na kushuka. Ilikuwa kazi nzuri. Nasema hivyo bila kujisifu, kwa sababu haikusaidia mtu.

Diski tulizoanza nazo zilikuwa za dhahabu, za bei mbaya, na zilitosha darsa tisa tu. Shehena nyingine ilikuwa imekwama bandarini Kilindini, ikisubiri muhuri wa mtu aliyekuwa likizo. Bi Salma alitaka kazi iishe kabla ya Ramadhani. Sokoni palikuwa na diski mpya zilizokuja kwa marundo, hamsini hamsini kwenye kijiti, zenye rangi nzuri ya buluu na kijani kwa chini. Nilinunua rundo. Sikusoma maandishi ya kwenye boksi, kwa sababu yalikuwa madogo na kwa sababu nilijua kila kitu.

Bwana Kanji aliniuliza nakala ya pili ya darsa za Maalim iko wapi. Alikuwa na kanuni hiyo tangu enzi za kaseti, kwamba kitu cha mtu kikae nyumba mbili. Nilimjibu kwamba nitaifanya harusi zikipungua. Mnajua miezi ya harusi hapa mjini; hazikupungua. Hakuniuliza mara ya pili, na baadaye alikuja kujilaumu kwa hilo, mzee wa watu, kana kwamba ni yeye aliyekuwa na mikono yangu.

Kazi ilipokwisha, kakake Bi Salma alikuja kuchukua kikapu. Ustadh Nassor alikuwa imamu wa ule msikiti wa babake, mtu mpole, mwenye tahadhari, asiyeuliza swali bila kulipima kwanza. Alizitazama zile kaseti, nyingine zina ukungu mweupe tayari, akaniuliza kama zina haja tena. Alinieleza kwa nini anauliza. Ndani yake mna aya za Mwenyezi Mungu, kwa hiyo haifai kuziacha zioze chini ya kitanda, na jaani haziendi kamwe. Na juu ya hayo alikuwa na kinyongo cha ile kaseti iliyorekodiwa nyimbo. Hakuweza kulala akiwaza kwamba siku moja sauti ya babake ikisoma Kur'ani itafunikwa tena na nyimbo.

"Na hii diski," akasema, "mtu hawezi kurekodi juu yake?"

"Hawezi, Ustadh. Ikishaandikwa imeandikwa."

"Na haiharibiki?"

"Miaka mia."

"Basi hizi kaseti hazina haja."

"Hazina haja."

Ndivyo nilivyosema. Naliandika hapa jinsi lilivyotoka, ili asiwepo mtu wa kunitetea. Ustadh aliniombea dua ndefu, nami niliifurahia.

Walizifanyia kama zinavyofanyiwa kurasa za msahafu zilizochakaa, ambazo huzikwa mahali pasipokanyagwa au huzamishwa palipo na kina. Walizitia kwenye gunia pamoja na mawe, wakatoka kwa mashua hadi nje ya mlango wa bandari, wakasoma walichosoma, wakaliachia. Walinialika. Sikwenda, kwa sababu nilikuwa na harusi tatu za kuchoma.

Baada ya Ramadhani nilialikwa kahawa nyumbani kwao. Sebule yao ilikuwa ya kizamani, na ukuta mmoja mzima ulikuwa na zidaka, yale matundu ya ukutani ambamo watu wa zamani waliweka sahani za kaure na misahafu. Walikuwa wameondoa sahani. Ndani ya zidaka zile, mahali pa juu na pa heshima, ndimo zilimokuwa diski za Maalim, zimetolewa kwenye vikasha na kuegeshwa kama sahani. Upande niliouandika kwa kalamu ya wino ulitazama ukuta, maana mwandiko wangu ni mbaya. Upande unaong'aa ulitazama sebule. Dirisha kubwa lilikuwa mkabala, na jua la alasiri liliingia lote, likapiga diski zile zikatoa rangi zote za upinde wa mvua juu ya dari. Bi Salma alisema kwamba kila siku saa hizo hukaa hapo na kuzitazama, na huona kama babake amefumbua macho.

Fundi alikuwa pale, amekula haluwa, ana kikombe mkononi. Fundi huyo alisema, "Pamependeza."

Pakapita miaka miwili na ushei. Bi Salma alikuwa na chuo cha kuendesha na mama mgonjwa wa kuuguza, na hakuwa mtu wa kulipua. Kila hadithi ya Mtume aliyoitaja babake aliipeleka kwa wanazuoni kuihakiki kabla ya kuiandika. Hakutangulia kusikiliza za mbele; akitaka kuandika alishusha diski moja, akamaliza akairudisha mahali pake, uso wake kwa dirisha. Kwa mwendo huo alifika darsa ya kumi na moja. Mara kwa mara alipita dukani kunisalimu na kunisomea ukurasa mmoja, nami nilikubali kwa kichwa huku nikilehemu.

Kisha akaja na diski ya kumi na mbili imefungwa kwenye leso. Alisema mashine yake imekuwa mbovu, inasema kitikiti kitikiti halafu inanyamaza. Niliitia kwenye mashine yetu. Ikafanya vile vile. Niliisafisha, nikaijaribu katika mashine nyingine, nikaigeuza mwangani kuona kama ina mkwaruzo. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Lakini ile rangi ya buluu na kijani haikuwapo. Diski ilikuwa imepauka, nikaona kivuli cha vidole vyangu kupitia ndani yake. Nilimwambia aniachie, na kwamba jioni nitapita kuchukua nyingine, nizikague tu.

Nilizikagua zote ishirini na nane kwa muda wa wiki moja. Zile tisa za dhahabu, ambazo rangi yake ni ya namna inayostahimili jua, zilikuwa nzima, sauti ya Maalim imekaa vizuri kama siku niliyoitia. Ya kumi na ya kumi na moja zilikufa, lakini maneno yake yalikuwa tayari daftarini. Kuanzia ya kumi na mbili hadi ya ishirini na nane hazikuwa na kitu. Mnaona ilivyokuwa. Zilizopona ni zile zilizokwisha kuandikwa, na zile ambazo hazijaandikwa ndizo zilizofutika. Kama ningepewa kazi ya kupanga namna ya kumwadhibu mwanamke yule, nisingeweza kupanga kwa ustadi zaidi.

Sikukubali upesi. Nilizijaribu katika kila mashine ya Mji wa Kale, ya gari, ya nyumbani, ya mkononi. Nilikwenda Kilindini kwa karani mmoja wa kampuni ya kutoa mizigo, aliyekuwa na mashine ya kusoma diski za hati za meli, mashine nzuri kuliko yetu, tukashinda naye Jumamosi nzima. Tulipata sekunde arubaini za darsa ya kumi na tisa. Maalim anasema, "Sasa sikizeni hapa, maana hapa ndipo," kisha inakuja kelele kama mvua juu ya bati. Nimeisikia sentensi hiyo nusu mara nyingi kuliko Baba Yetu. Sijui hapo ndipo nini.

Niliporudi nilimkuta Bwana Kanji na lile boksi la diski, limebaki kabatini muda wote huo tukiwekea misumari. Alikuwa amevaa miwani zote mbili kwa pamoja. Alinisomea yale maandishi madogo. Yalisema diski zitunzwe ndani ya kikasha, mbali na jua.

"Umeandika kwa mwanga, Karisa," akasema. "Mwanga umefuta."

Afadhali angenitukana. Nikamwomba yeye akamwambie Bi Salma. Akakataa, na alikuwa na haki.

Nilikwenda mwenyewe. Ustadh Nassor alikuwapo pia. Nilieleza habari ya rangi na jua mpaka nikajichoka. Walisikiliza bila kunikata. Ustadh aliinamisha kichwa na kuuliza swali moja tu, kama kaseti zingekuwapo zingefaa. Nilimwambia ndiyo, hata zile zenye ukungu. Akasema ni kadari ya Mungu. Akasema tena. Kisha akatoka kwenda kusalisha alasiri, na nilimwona kwenye ngazi akishika ukuta, nadhani kama babake alivyokuwa akishika, ingawa yeye ana macho.

Kuna methali isemayo kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ni methali nzuri kwa wenye koleo. Wakati ule nilikuwa nimevunja la mtu mwingine, na aliyeliunda amekufa. Zikaja dividii, zikaja vijiti vya kuchomeka, mkaja ninyi, na kila kilichokuja kiliahidi umri mrefu kuliko kilichotangulia. Nimefanya nakala mbili, tatu, nne za kila kitu tangu siku ile, na mmenicheka kwa hilo, nami nimewaacha mcheke. Sijawahi kuona kitu kimoja kilichodumu. Nimeona tu watu wanaohamisha kabla hakijafa na watu wasiowahi. Lakini hayo mnayajua. Lililobaki kuandika ni la siku chache baada ya mimi kupeleka ile habari.

Bi Salma alikuja dukani saa tano asubuhi. Aliniamkia kama kawaida, hali yangu, wazee, mvua. Mkononi alikuwa na daftari jipya na kalamu. Alinieleza kwamba amezunguka kwa wazee waliokuwa wakihudhuria darsa Ramadhani ile, maana yeye hakuwa akiingia msikitini na kakake mwaka ule alikuwa masomoni mbali. Wawili wamekufa. Mmoja hamtambui hata mwanawe. Mwingine alimwambia kwamba yalikuwa maneno mazuri sana. Bwana Kanji aliinuka akampisha kiti chake, akatoka nje akasimama barazani.

"Wewe ulizisikiza zote," Bi Salma akasema. "Tangu ya kwanza hata ya mwisho, hukuruka. Duniani hakuna mwengine. Nambia, Bwana Karisa. Ya kumi na mbili, baba alisema nini?"

Nilifumba macho. Nataka mwamini kwamba nilitafuta. Nilikuwa nimekaa na sauti ile masikioni kwa saa ishirini na nane, na niliikumbuka, niliikumbuka vizuri mno. Nilimwambia kwamba darsa ya kumi na mbili ilianza kwa sauti ya chini kwa sababu siku ile redio iliwekwa mbali. Dakika ya nane alikohoa. Kisha mkokoteni ukapita nje, gurudumu moja linalia. Mtu akafunga mlango. Alipokaribia mwisho wa upande wa kwanza alipaza sauti, mshale ukagonga mwisho, nikashusha.

"Alipopaza, alikuwa yuwasema nini?"

"Sijui, Bi Salma."

Aliandika. Niliona kalamu inakwenda. Aliandika mkokoteni na mlango. Akaniuliza ya kumi na tatu, nikamwambia mvua na kikohozi. Ya kumi na nne, ndege angani na kikohozi mara tatu. Alikwenda hivyo hivyo, moja moja, bila kuharakisha, mpaka ya ishirini na nane, kila darsa akiipa ukurasa wake, na mimi kwa kila moja nikimpa alichokuwa nacho fundi. Maneno yalikuwa yamepita kwangu kama wale mabibi harusi. Nilitamani anipige. Alifunga daftari.

"Na hicho kikohozi," akauliza. "Kwenye diski mimi sikukisikia."

Nilimwambia kwamba kilizidi kila siku, na kufikia zile za mwisho alikuwa hamalizi sentensi. Nilimwambia kwamba nilikuwa nimeweka mkono kwenye kitufe cha sauti, na kila nilipokisikia kinakuja nilikishusha, ili kazi iwe safi.